Alama ya Kidole cha Nakijwa

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, sijawasikia!

Pakawa!

Haya, kaeni vizuri. Anayetaka kusinzia asinzie, ila kesho asinijie kuniuliza mwisho wake.

Hapo kale, katika kijiji kimoja cha milimani, palikuwa na mama mfinyanzi jina lake Nakijwa. Mumewe alikuwa amefariki, akamwachia binti mmoja, Nanzia. Na Nakijwa alijua kufinyanga, jamani! Chungu chake ukikigonga kwa ukucha, kinalia. Maharage yanaiva humo upesi, na maji yakilala humo yanakuwa baridi.

Ufundi ule aliurithi kwa mama yake. Mama yake alimwachia pia mfuko wa vigae, vipande vya vyungu vya zamani vilivyovunjika. Alimwambia, "Kila ukikanda udongo, saga kigae kimoja, unga wake uutie humo. Chungu kipya kisipokuwa na cha zamani ndani yake, hupasuka."

Basi Nakijwa akafanya hivyo. Na kila chungu kilipokamilika, kikiwa bado kibichi, alikibonyeza kwa kidole gumba chini ya mdomo. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake.

Sasa sikilizeni aibu ya kijiji kile. Chungu cha Nakijwa kila mtu alikitaka, kulipa hakuna aliyetaka. Anakuja wa kwanza: "Dada, nipe kimoja, sisi si ndugu?" Anapewa. Anakuja wa pili: "Nipe kimoja, udongo si wa bure?" Anapewa. Anakuja wa tatu, na huyo ni jirani yake, Mzee Kallaghe: "Nipe kimoja, mke wangu kajifungua mtoto wa kiume." Anapewa, na pongezi juu.

Jioni Nakijwa na Nanzia wanakunywa uji kwenye gae, kipande cha chungu cha bibi, maana chungu kizima hakikubaki nyumbani. Ndiyo hayo wasemayo watu, mfinyanzi hulia gaeni. Wanasema na kucheka. Mimi sicheki.

Siku moja akaja mgeni. Kanzu nyeupe, maneno laini, kilemba kikubwa kimefunika kisogo chote. Chini ya kilemba kile palikuwa na mdomo wa pili, kwa sababu yule hakuwa mtu, alikuwa zimwi. Lakini Nakijwa angejuaje?

"Mama, vyungu vyako bei gani?"

Nakijwa akababaika. Tangu azaliwe hajaulizwa bei.

"Chochote utakachonipa, bwana."

Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Usipojua bei ya kazi yako, atakupangia mwingine.

Zimwi akachukua vyungu vitatu, akalipa mbuzi watatu. Siku ile Nanzia akanywa maziwa. Mara ya pili akaja, akachukua, akalipa. Mara ya tatu akaja na kijiti kimoja tu mkononi.

"Mama, unachoka bure," akasema. "Ukande, ufinyange, usubiri kikauke, uchome, na yote hayo kwa chungu kimoja. Shika kijiti hiki. Ukigusa nacho udongo, utajifinyanga wenyewe, vyungu mia kwa siku. Utauza masoko yote ya mabonde haya matatu."

"Na wewe unataka nini, bwana?"

"Kitu kidogo. Ile alama ya kidole chako."

Nakijwa akamtazama binti yake, mabega mifupa mitupu. Akanyoosha kidole. Zimwi akaweka gumba lake juu ya gumba la Nakijwa, akabonyeza. Alipoliinua, kidole cha Nakijwa kilikuwa laini kama yai, hakina mstari hata mmoja.

Basi vyungu vikatoka. Leo mia, kesho mia, keshokutwa mia. Wachuuzi wakapanga mstari mlangoni. Wale wale waliosema udongo ni wa bure wakashuka hadi sokoni kununua. Nakijwa akajenga nyumba, akajaza ghala. Ule mfuko wa vigae aliuona uchafu, akautupa mtoni.

Lakini watu wakaanza kushangaa. Walipika, wakala, hawakushiba. Wakapika tena, wakala, hawakushiba. Wakapika mara ya tatu, ghala zikaisha, na hawakushiba. Kila tonge lililopikwa katika vyungu vile lilishuka tumboni mwa zimwi, kupitia mdomo ule wa kisogoni. Yeye ananenepa, mabonde matatu yanakonda.

Nanzia naye akakonda, katikati ya nyumba iliyojaa. "Mama," akasema, "nimekula, lakini ni kama sijala."

Siku moja kilio kikasikika kwa jirani. Yule mtoto wa kiume wa Mzee Kallaghe, aliyekuwa ameshaanza kula, amekufa. Nakijwa akaenda msibani, akakaa na akina mama jikoni. Mama wa marehemu alikuwa akirudia maneno yale yale: "Alikula mpaka siku ya mwisho. Jamani, mwanangu alikula mpaka siku ya mwisho."

Nakijwa akatazama mafiga. Chungu kilichokuwa juu yake hakikuwa na alama. Akatazama kidole chake. Moyo ukampasuka, akajua ni nini alichokuwa akiuza.

Akarudi nyumbani, akakitia kile kijiti motoni. Kisha akapiga magoti, akakanda udongo kwa mikono yake. Chungu cha kwanza kikapasuka. Cha pili kikapasuka. Cha tatu kikapasuka. Vigae vya mama yake vilikwenda na maji, na Nanzia amelala pale, hawezi hata kuketi.

"Mama," Nanzia akasema kwa sauti ndogo, "gae letu lipo. Chini ya kitanda."

"Kwa nini hukulitupa, mwanangu?"

"Lilinishibisha."

Nakijwa akalisaga lile gae huku machozi yanadondokea unga. Akaukandia udongo, akafinyanga. Akabonyeza kidole chake chini ya mdomo, ingawa hakikuacha mstari wowote. Siku zikapita, chungu kikakauka. Akakichoma. Hakikupasuka. Akapika uji humo, akamnywesha Nanzia taratibu.

"Mama, nimeshiba."

Nakijwa akalia kwa sauti.

Na huko aliko, zimwi akahisi bakuli moja la uji limempita. Akaja mbio, kilemba kimeanguka, mdomo wa kisogoni uko wazi, unatoa udenda.

"Niuzie chungu hicho!"

Nakijwa akakivuta chungu kifuani. Safari hii bei alikuwa nayo.

"Nikupe mbuzi mia?"

"Siyo bei yake."

"Nikupe ng'ombe mia?"

"Siyo bei yake."

"Nikupe nyumba yangu na vyote vilivyomo?"

"Siyo bei yake. Chungu hiki bei yake ni alama ya kidole changu. Hupunguziwi."

Zimwi hawezi kustahimili kuona chakula kinampita, ulafi wake haumruhusu. Akaweka gumba lake juu ya gumba la Nakijwa, akabonyeza, na mistari ikarudi yote. Akanyakua chungu, akatimua mbio.

Papo hapo agano likavunjika, na kazi ya kijiti ikavunjika nalo. Katika mabonde yote matatu, vyungu visivyo na alama vikapasuka mafigani. Njaa ya watu wote aliowalia chakula chao ikamrudia zimwi kwa mara moja. Alivuka kijito cha kwanza, akavuka cha pili, cha tatu hakukivuka. Akaanguka, akafa, na chungu kikavunjika mikononi mwake.

Nakijwa akavifuata vile vigae, akavikusanya kimoja kimoja. Akasaga kimoja, akafinyanga chungu kipya, akakitia alama. Alipokichoma na kikapoa, akakipeleka kwa Mzee Kallaghe, akakiweka mlangoni.

"Mzee, nimekuletea. Sitaki malipo. Mkono wangu umo katika kifo cha mwanao."

Mzee Kallaghe akaigusa ile alama chini ya mdomo. Kisha akaingia ndani, akatoka na pishi mbili za mahindi, zile alizobakiza.

"Cha kwanza nilikichukua bure," akasema. "Nikawa nawaona wewe na mwanao mnalia gaeni, nikapita zangu. Zimwi tulimfungulia mlango sote, Nakijwa. Niambie, chungu hiki bei gani?"

Nakijwa alitaka kusema chochote utakachonipa, bwana. Akalimeza neno hilo.

"Pishi moja," akasema.

Mzee Kallaghe akampimia pishi moja. Akakibeba chungu chake ndani.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Mzee Kallaghe. Uza kazi ya mkono wako, usiuze mkono. Na wewe unayeipenda kazi ya mwenzio, muulize bei, umlipe, kabla zimwi hajamuuliza.