Amri ya Bwana Ndalahwa

Bwana Ndalahwa, mkurugenzi wa uendeshaji katika kampuni ya saruji, alikuwa na huruma ya ajabu. Alitaka kusoma faili za afya za wafanyakazi wote elfu nne, ajue nani ni mjamzito, amwachishe kazi mapema asije akapata taabu ya kuomba likizo ya uzazi. Akamwita Mwanakheri, mtunza kumbukumbu.

"Nasikia umezifunga faili."

"Kila mtu anaona zinazohusu kazi yake tu, bosi."

"Kazi yangu ni kila kitu. Fungua, au kesho ubaki nyumbani kwako."

"Nitafungua, bosi. Naomba amri ya maandishi tu. Niandike jina lako au cheo?"

"Jina? Kwani mimi mwanafunzi? Andika cheo!"

Mwanakheri akaandika kwamba mwenye cheo cha mkurugenzi afunguliwe faili zote. Bwana Ndalahwa akasaini bila kusoma, kama wakubwa wanavyosaini.

Kesho yake asubuhi, mkurugenzi wa fedha, kaka wa mke wa Ndalahwa, aliingia ofisini kwa Ndalahwa bila kubisha hodi.

"Shemeji, wakurugenzi wote watano tumefunguliwa faili. Nimeanza na yako. Kwenye bima ya afya umeandikisha wake wawili. Dada yangu namjua. Huyu Sikudhani ni nani?"

Kabla chai yake ya asubuhi haijapoa, Ndalahwa alikuwa mlangoni kwa Mwanakheri, jasho likimtiririka.

"Zifunge! Zote, sasa hivi!"

"Sawa, bosi," Mwanakheri akasema, akichukua kalamu. "Na amri hii, niandike jina au cheo?"