Jina la Mjomba Kobelo

Walikuwa ndugu watatu wa tumbo moja, milimani Uluguru. Mloka alijua uzito wa vitu. Sihaba alijua kusuka. Kidawa, mdogo wao, alijua kusema na watu mpaka wakubali.

Mjomba wao, Kobelo, alishusha kabichi za kijiji kwa lori bovu. Lilishuka limejaa, likapanda tupu, na huko kote lilitoa moshi mweusi. Alikufa akikohoa. Kabla ya kufa alisema, "Jina langu apewe atakayeshusha mzigo bila moshi."

Katika ukoo wao jina la marehemu hurithiwa na mtu mmoja tu, naye ndiye huitika likiitwa. Lisiporithiwa, halitamkwi tena nyumbani.

Mloka akavuta waya kutoka juu hadi chini ya mlima. Kabichi ziliposhuka upande mmoja, uzito wake ulipandisha chumvi na sabuni upande wa pili. Hapakuwa na injini.

Lakini wakulima walizoea lumbesa, magunia yaliyojazwa mpaka yakavimba, na waya ukalegea. Sihaba akasuka matenga ya mianzi, yote ya kimo kimoja, ya kushuka na kabichi na kurudi na bidhaa. Watu walinung'unika, kisha wakazoea.

Kabichi zikafika chini salama, zikaozea hapo kwa kukosa usafiri wa kwenda mjini. Kidawa akaenda stesheni ya reli. Alikaa kwenye benchi la mkuu wa stesheni kila asubuhi, mpaka akapewa behewa lililokuwa likirudi mjini tupu.

Lori la mjomba sasa kuku wanatagia ndani yake.

Siku ya kurithisha jina, ndugu walikaa mkekani.

"Waya bila tenga ni kamba ya kuanikia nguo," alisema Sihaba.

"Na tenga bila waya ni kiota, dada," alijibu Mloka.

"Endeleeni," alisema Kidawa. "Kabichi zenu nilizikuta zinanuka."

Hakuna aliyecheka, wala aliyekasirika. Mama yao, dada wa marehemu, aliwasikiliza kama mtu anayesikia mvua ya kijiji kingine. Msibani hakulia, na siku hiyo hakulia.

"Mkimaliza mniambie," alisema. "Nataka kumwita kaka yangu."

Ugali ulipoiva, alisimama mlangoni akaita, "Kobelo."

Watatu wakatazamana. Hakuna aliyeitika. Chakula kikapoa.

Basi nyinyi mnaonisikiliza, mama bado yuko mlangoni. Nani kati yao aitike?