Kisima cha Mama yake Shuaibu

Wametupokeza waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja aliishi mja mwema, Shuaibu bin Hamdani. Alichimba kisima mbele ya msikiti akakiweka wakfu, thawabu zake zimfikie marehemu mama yake. Kila aliyechota alisema, "Mola amrehemu mama Shuaibu," naye moyo wake ukatulia.

Mwaka mmoja yakaingia maradhi ya kuharisha, na watoto wakafa wengi. Watu wakazunguka mitaani kwa dua, na dua ni silaha ya Muumini, nani atabisha? Lakini Bi Rehani, mwosha maiti, hakuwa mtu wa kuosha na kunyamaza. Kila alipomaliza kukafini, alikaa na wafiwa akauliza kwa upole, "Marehemu alikunywa maji ya wapi?" Jibu likawa moja kila nyumba. Hata bibi kizee mmoja aliyefariki mtaa wa mbali, mwenye kisima chake uani, alikuwa akiagiza ya msikitini kwa kutaka baraka.

Bi Rehani akaenda kubisha hodi kwa Shuaibu.

"Mwanangu, nisamehe. Maradhi yanatoka kisimani kwa mama yako."

"Astaghfirullah, Bi Rehani! Unataka mama yangu akatiwe thawabu kaburini?"

"Nimeosha watoto kumi na tisa, mwanangu. Kile choo cha wageni ulichojenga mwaka juzi, kiko hatua ngapi kutoka kisimani?"

Shuaibu akatoka akahesabu. Hatua saba. Vyote viwili alivijenga kwa nia safi, kumbe kimoja kinamwaga uchafu wake ndani ya kingine. Akalia, maskini, bila kujificha. Na jamani, angeweza kunyamaza! Nani angemtuhumu?

Ijumaa, baada ya sala, akasimama. "Ndugu zangu, waliokufa wamekufa kwa maji yangu. Msichote tena." Akaikata kamba ya ndoo, akaanza kukifukia kisima. Baba mmoja aliyezika watoto wawili akamwendea, watu wakadhani atampiga. Akaokota jembe, akamsaidia.

Jioni Shuaibu akamuuliza Bi Rehani, "Sasa mama yangu atapata wapi thawabu?"

"Kwa kila mtoto ambaye sitamwosha, mwanangu."

Haukupita mwezi, maradhi yakakoma. Ndugu yangu, nia njema haichuji maji. Tumwombe Mola atujaalie moyo wa kufukia kwa mikono yetu tulichokosea, hata kama tulikichimba kwa ajili Yake.