Jua Ndani ya Gudulia la Muadhini

Wapokezi wa habari za kale wametupokeza, na ukweli wake aujua Mola pekee, kwamba katika mji wa Zumrani, ulio kati ya bahari na milima ya ubani, alitawala Sultani Ghalibu bin Muzafari, mfalme mwenye tumbo kubwa na moyo mkubwa kulishinda, na katika mji huo palikuwa na muadhini aitwaye Mahadhi bin Faki, ambaye Mwenyezi Mungu alimjaalia sauti ya kuwafanya wachuuzi wasahau bei na wagombanao wasahau ugomvi. Mahadhi alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mapema, maana mbele huko mtamchukia kidogo, naye mwenyewe alijichukia zaidi yenu.

Mnara wake ulisimama mbele ya kasri, na mlangoni pake palikuwa na pete ya shaba ambamo wajenzi wa zamani walimfunga jini Dahmari, ayashike mawe yasianguke, na kila muadhini alirithi amri juu yake, kwamba akiipindua ile pete, jini hutoka na kutenda aambiwalo. Mahadhi hakuwahi kuigusa. Alisema mtu wa msikiti haegemei jini.

Na mji ule ulikuwa na ada yake mwezi wa Ramadhani. Kila jioni Sultani humpelekea muadhini gudulia la sharubati ya ukwaju huko juu mnarani, na watu hukusanyika uwanjani, tende mkononi na macho juu, na muadhini hulitazama jua hata lizame, hunywa funda moja mbele ya wote, kisha huadhini, na hapo mji mzima hufuturu. Hakuna aliyejisumbua kulitazama jua mwenyewe. Jua lao lilikuwa Mahadhi.

Ikawa siku moja katika kumi la mwisho, joto limewakausha watu hata ndimi zinanata makaakaani, mawingu mazito yakaifunika magharibi yote. Mahadhi alikuwa juu na gudulia mbele yake, nalo linatoka jasho la ubaridi, na harufu ya ukwaju na iliki inampanda puani. Akatazama, akaona giza. Akajiambia, "Limezama." Na sauti nyingine ndani yake ikamwambia, "Hujui." Naye alijua kwamba hajui, na hilo ndilo lililokuja kumla baadaye, lakini mkono ulikwisha fika, na funda likashuka kooni.

Alipolitua gudulia akaona mstari wa njano ukingoni mwa wingu. Jua lilikuwepo, juu ya maji, halina haraka. Akatazama chini, na uwanja mzima umemwona akinywa, na Sultani mwenyewe barazani kwake amekwisha inua kikombe. Angeweza kupaza sauti, "Jamani, nimekosea, ngojeni!" Ni maneno machache. Lakini aliwaza watakavyomcheka, muadhini wa Zumrani kashindwa na ukwaju, na akaona heri mji mzima ufungue pamoja naye kuliko afungue peke yake. Akatia vidole masikioni, akaadhini, tena vizuri kupita siku zote, na watu wakala.

Kisha wingu likaanza kupasuka. Hapo yule asiyeegemea jini akashuka ngazi mbio mbio na kuipindua pete kwa mikono miwili, na Dahmari akatoka, kimo chake sawa na mnara, haonekani ila kwa aliyemwita, mkononi ana nusu ya tende.

"Labeka, bwana wangu."

"Lifunike jua! Upesi, kabla watu hawajaliona!"

Jini akaitazama ile tende, kisha akamtazama Mahadhi. "Bwana, nami nilikuwa nimefunga," akasema. "Nimefungua kwa sauti yako."

Mahadhi hakujua pa kuuweka uso wake. "Lifunike," akasema tena, kwa sauti ndogo.

Jini akalitupa joho lake upande wa magharibi, giza likaingia, na watu wakaenda kuswali hawana habari. Aliporudi alikuwa amelikunja joho, na ndani yake mna kitu kinang'aa. "Mchana uliobaki huu," akasema. "Niliufunika, sikuuzima, maana kuuzima si kazi ya kiumbe. Wa kuuweka ni wewe." Akaumimina ndani ya gudulia, akaingia katika pete yake bila ya kuaga.

Mahadhi akalibeba gudulia nyumbani chini ya kanzu, akaliziba kwa kizibo, akalizungushia mikeka na kulifungia sandukuni, na mwanga ukatokea kwenye matundu ya misumari. Akaburura sanduku uvunguni, ukatokea kwenye nyufa za ukuta. Majirani wakauona usiku ule wakitoka kuswali tarawehi, wakaanza kunong'onezana: nuru! Muadhini wetu kumbe ni walii! Asubuhi akataka kuwakatalia, lakini kukataa kungedai maelezo, basi akanyamaza, na kunyamaza kwake wakakuita unyenyekevu.

Wakamletea watoto wachanga awapulizie dua, na wanawake wakachota mchanga wa kizingitini kwake. Kila alipopuliza alijiona mwizi anayeombwa alinde duka. Mfunguo Mosi ulipoandama na Idi ikapita, akafunga kwa siri siku moja kuilipa ile yake, na magharibi akalirudisha tonge sahanini, maana alikuwa amejilipia yeye, na kila mtu aliyempita njiani alikuwa akidaiwa saumu asiyoijua.

Habari za nuru zikafika kasrini, na Sultani akamwita mbele ya mawaziri. "Ewe Mahadhi," akasema, "wafalme huozesha binti zao kwa watu wa mali, na mali mimi ninayo. Nimekosa mtu wa Mungu nyumbani mwangu. Nakupa binti yangu, Sitti Jauhari, na nusu ya bustani zangu za mitende."

"Sistahiki, maulana."

"Ndivyo wasemavyo wanaostahiki!" akacheka Sultani, na mawaziri wakacheka naye, na siku ya harusi ikawekwa.

Siku ile ukumbi ulijaa, kadhi ameketi, bwana harusi amevikwa joho la hariri linalomwasha kama upupu, ndipo akaingia bibi kizee kipofu, anaongozwa kwa mkono na anakohoa kifua cha kukatika. Alikuwa Bi Mwanaiki, mfinyanzi, jirani wa Mahadhi, ambaye ndui ilimpofusha angali mtoto.

"Mwanangu Mahadhi," akasema, "niwie radhi kuingilia harusi, lakini mgeni wangu mimi hangoji. Nataka ushahidi mmoja. Tangu nilipovunja ungo sidaiwi saumu hata moja, za hedhi na za uzazi zote nimelipa. Jua silioni, nafuata sauti yako tu. Niambie mbele ya hawa kwamba sidaiwi, nife roho imetulia."

Watu wakafuta machozi. Lilitakiwa neno moja tu, tena zuri, na lilikuwa limekwisha fika kwenye meno ya Mahadhi, alipoiona mikono ya yule bibi juu ya fimbo, udongo mkavu kuchani, imetulia inangoja. Aibu aliyoikimbia miezi ile ikamfika yote pamoja.

"Unadaiwa, mama," akasema. "Siku moja. Wewe, na maulana, na kila aliyefunga Zumrani." Akaeleza yote, wingu na funda na pete, hakujiachia hata pembe ya kujifichia.

Alipomaliza, Sultani akainua mikono juu. "Mashaallah! Waoneni mawalii! Anajitwika dhambi asiyoitenda!" Na ukumbi mzima ukaitika mashaallah.

Mahadhi hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuiomba aibu akanyimwa. Akatoka mbio, akarudi na sanduku kichwani, akalitoa gudulia mbele ya kadhi na kung'oa kizibo. Jua la jioni likamwagika ukumbini, la njano na la uvuguvugu, na kila mtu akapata kivuli kirefu nyuma yake. Wakapiga takbiri, wakalia, "Nuru! Nuru!" Bi Mwanaiki akauinua uso, joto likamgusa shavu.

"Mbona hili ni jua," akasema. "Bado halijazama."

Basi takbiri zikakatika. Wakavitazama vivuli vyao, na mwanga ukashuka ukutani taratibu, ukawa mwekundu, ukazama nyuma ya kiti cha kadhi, na likabaki gudulia tupu la udongo. Sultani Ghalibu alikuwa akikumbuka kikombe chake.

"Mvueni joho," akasema, na hakumtazama tena.

Wakamvua, na wengine wakamtemea mate, naye akasimama na kanzu yake ya zamani akiyapokea. Akasikika Bi Mwanaiki akisema, "Kesho nafunga." Kadhi akamwambia mgonjwa ana ruhusa. "Ruhusa naijua, shehe. Nafunga. Na sauti ya mtu mwingine sifungulii. Huyu sasa anajua funda moja lina uzito gani."

Sultani akatoa amri mji mzima ulipe siku ile, na kwa kinyongo akakubali Mahadhi aadhini. Akapanda mnara siku ya pili katikati ya matusi, bila ya gudulia. Na jioni mawingu yakaja tena, mazito vilevile. Akaona giza, akajiambia, "Limezama." "Hujui," ikajibu ile sauti, na safari hii akaitii. Watu chini wakapiga kelele, "Adhini, wewe! Siku ile ulituwahisha, leo watuua!" Akalia kwa aibu, akangoja, na alikuwa akimuwaza bibi kizee na kifua chake kila dakika aliyoiongeza. Nyota ilipochungulia penye upenyo wa wingu akaadhini, sauti imepasuka haina uzuri, na akisha kuadhini akasikia katika pete ya shaba kule chini mtu anatafuna tende.

Hakunywa. Akashuka, akapita katikati ya watu, hata mlangoni kwa mfinyanzi, na pale hofu ikamzuia kubisha. Ndani pakasikika fimbo ikigonga sakafu.

"Nimemeza, mwanangu. Ingia unywe maji."

Bi Mwanaiki alifariki baada ya siku chache, hadaiwi. Sitti Jauhari akaolewa na mtoto wa ami yake kwa ngoma kubwa, na zile bustani akapewa huyo, wala hekaya hii haina zaidi juu yao. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wasema wahenga, naye Mahadhi aliumbuliwa angali hai, na hiyo ndiyo harusi yake na ndiyo mali yake. Mwenye gudulia lake uvunguni na alitoe leo. Na husimuliwa kwamba mpaka uzeeni, kila Ramadhani akisha kuadhini, Mahadhi alikwenda kusimama kwenye mlango ule wa mfinyanzi uliofungwa, akatega sikio kama anayengoja fimbo igonge, kisha ndipo anywe.