Hindi la Kwanza la Bi Lukia

Nyie mnaopenda kuamua kesi za watu, sogeeni. Hii imenishinda mimi.

Jirani yangu Bi Lukia, kwetu Nachingwea, alikuwa na watoto watatu. Mfaume alikuwa na kumbukumbu: mdudu akimwona mara moja, hamsahau. Wa pili, binti yake Sikudhani, alikuwa na macho makali. Sindano ikipotea, anaitwa yeye. Somoe, kitinda mimba, hakuwa na maneno mengi, ila akishika kazi haiachi.

Mwaka ule Bi Lukia alipanda mahindi huku akijishika ubavu. Yalipofika magotini, yeye hakuinuka tena kitandani, na viwavijeshi wakaingia shambani. Akawaambia wanawe, "Nataka nionje limbuko la shamba langu kabla sijaondoka. Atakayeliokoa ndiye atakayenilisha hindi la kwanza, kwa mkono wake."

Sisi watu wazima tukasema, mimi nikiwemo, "Acheni, watapita." Viwavijeshi tuliowazoea huja kundi zima, hula, huondoka. Mfaume akamkamata mmoja, akaniletea.

"Mama mdogo, tazama. Kwenye paji ana alama nyeupe kama panda ya manati iliyopinduliwa. Huku mkiani ana madoa manne meusi, yamekaa mraba. Huyu na wale ni ukoo mmoja, lakini si wale. Huyu haondoki. Akishiba anashuka udongoni, anageuka nondo, nondo anataga hapa hapa."

Loo! Tungengoja mpaka shamba liishe.

Sikudhani akaanza kupindua majani. Chini yake akaona vibandiko vya manyoya ambavyo sisi tulidhani ni ukungu. Kumbe mayai, kila kibandiko mamia. Kila asubuhi akawa anayaponda kwa vidole, maana yakianguliwa hayo, kazi yote ni bure.

Lakini waliokwisha kuanguliwa walikuwa wamejichimbia katikati ya mmea, wanatafuna majani machanga. Somoe akachanganya mchanga na majivu, akawa anatia kidogo kidogo katika kila mche, shamba zima, mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Asubuhi alikwenda akiwa ameinama vile vile.

Mahindi yakabeba.

Siku ya limbuko wakachoma hindi uani. Mimi nilikuwa ndani, nimeushika mkono wa Bi Lukia.

"Linanukia," akasema. "Mbona hawaji?"

Nje nikawasikia.

"Mimi ndiye niliyemtambua!" Huyo Mfaume.

"Na mayai ungeyaona wewe?" Sikudhani.

Hata Somoe siku hiyo alipata maneno: "Na waliokuwa ndani ya miche, mliwaua nyie?"

Nikapiga kelele, "Nyie watoto, leteni!"

"Tunakuja, mama mdogo," wakaitika. Wakaendelea kubishana.

Walipoingia, hindi lilikuwa limepoa na mama yao ameshakata roho. Nililia mpaka sauti ikanikauka. Somoe aliliweka lile hindi kwenye mto, karibu na mdomo wa mama yake, na hakuna aliyethubutu kuliondoa.

Miaka imepita. Kila mmoja huja kwangu peke yake, akakaa, akaniuliza, "Mama mdogo, aliyestahili kumlisha alikuwa ni nani?" Inaniuma. Na msiniambie wangeingia wote pamoja. Hilo wanalijua, wanalilia mpaka leo. Mama alitaka mkono mmoja.

Haya, wajuaji. Lile hindi, likiwa bado la moto, wewe ungempa nani alipeleke ndani?