Rupia Iliyougua Barazani

Wapendwa, sogeeni, na wa nyuma mwache kunong'ona, maana umbea wa leo ninao mimi.

Palikuwa na Mzungu mmoja, mweka hazina wa serikali ya kikoloni. Serikali hiyo ilikopa pauni ng'ambo ijenge reli, ikitegemea kulipa kwa rupia za kodi. Rupia ikaporomoka, na bajeti ikatoboka kama chujio la nazi. Gavana akamwita.

"Mkaguzi yuko njiani. Akilikuta shimo hili, wewe na kiinua mgongo chako kwaherini."

Bwana yule jasho likamtoka. Alikuwa amemwahidi mama yake mzazi nyumba ya vyumba vinne huko kwao, na chumba cha nne kilikuwa cha bibi kizee mwenyewe. Akawaza, akatabasamu. Hesabu za mishahara na kodi ziliandikwa kwa shilingi, lakini watu walilipwa na kulipa kwa rupia; basi akafungua madirisha mawili kwenye baraza moja. Dirisha la kushoto, la mishahara, rupia ilihesabiwa shilingi mbili. Dirisha la kulia, la kupokea, rupia ile ile ilikuwa shilingi moja na nusu.

Mama mmoja, mfuaji wa mashuka ya hospitali, akapokea ujira wake kushoto, akavuka baraza kulipa kodi ya kibanda. Rupia zake zikapungua thamani!

"Bwana, rupia yangu imeugua nini hapo katikati?"

"Mama, hayo ni mambo ya hesabu. Huwezi kuelewa."

"Haya, Bwana."

Shimo likajaa. Mkaguzi akaja, akasifu, akala bata, akaondoka. Mweka hazina akatembea kifua mbele, mnamjua mtu wa namna hiyo.

Siku ya kustaafu ikafika. Akatoa sanduku lake la akiba, limejaa rupia tupu, akaenda dirisha la kushoto zibadilishwe ziwe pesa za kwao.

Karani akamwambia kwa adabu zote, "Hapa tunatoa tu, Bwana. Wanaoleta rupia ni kulia. Amri ina saini yako."

Akaenda kulia. Zikahesabiwa. Mnajua kilichobaki? Nyumba ya vyumba vitatu! Na chumba kilichopotea ni kipi? Cha mama yake.

Akageuka, uso umemshuka, na nyuma yake kwenye foleni ni nani? Yule mfuaji.

"Pole, Bwana. Nasikia ni mambo ya hesabu."

Mnacheka! Chekeni, lakini sisi je? Nani hapa hana kibaba cha kununulia na kingine cha kuuzia? Kosa la jirani tunalihesabu shilingi mbili, la kwetu moja na nusu. Mkwe akichelewa ni mvivu, binti yetu akichelewa amechoka. Mungu hahitaji kututengenezea kipimo, atatuonyesha tu dirisha tulilofungua wenyewe.

Jumapili ijayo njooni na vibaba vyenu hapa mbele, vyote viwili. Sitataja jina la mtu. Lakini wewe uliyekaa karibu na nguzo, uliyeinama ghafla kufunga kiatu, mama, umevaa ndala.