Pimbi Aliyekosea Mara Mbili

— Hadithi yabisha hodi!
— Karibu, ipite ndani!
— Imetembea kutwa, imechoka!
— Ipeni kigoda, ikae!

Hapo kale, wanyama wote walipokuwa na lugha moja, ukame uliingia nyikani. Mto ukakauka, majani yakawa vumbi. Mbogo, mkubwa wao, akaitisha baraza.

"Tutahamia Ziwa la Matete," akasema.

Akasimama Bi Pimbi, mjane mdogo wa umbo, watoto wamemng'ang'ania mgongoni. "Bwana Mkubwa, mimi naona tusiende mbali. Tuchimbe hapa mtoni, maji yapo chini."

Wakachimba, wakachimba, wakachimba. Wakapata mchanga mkavu. Wanyama wakamcheka Pimbi hata asijue auweke wapi uso wake.

Mbogo hakucheka. "Tumechoka bure kwa maneno ya huyu. Kuanzia leo kichwa cha kuwaza ni kimoja, nacho ni hiki changu. Atakayetoa maoni yake nitamfukuza, yeye na watoto wake."

"Ndiyo, Bwana Mkubwa!" wakaitikia. Safari ikaanza.

Njiani Kwale akatazama juu. Ndege wenzake wote walikuwa wakiruka kwenda mlimani, hakuna aliyeelekea ziwani. Akataka kusema. Akaikumbuka amri, akameza neno lake.

Digidigi akanusa upepo. Ulinuka samaki waliooza. Akataka kusema. Akaikumbuka amri, akameza neno lake.

Kobe akasikia ardhi ikibonyea chini ya miguu. Akataka kusema. Akaikumbuka amri, akameza neno lake.

Pimbi naye alipanda jiwe, akaliona ziwa. Lilikuwa jeupe, limetulia mno, halina hata kiwimbi. Akawaza: Je, kama nakosea tena? Nikifukuzwa, wanangu watalala wapi? Lakini wenzake walikuwa wanakazana kwenda, na ndama wametangulia. Akashindwa kunyamaza.

"Simameni! Yale si maji! Ni tope, limekauka juu tu!"

Kundi likasimama. Mbogo akageuka, macho mekundu. "Si wewe uliyetuchimbisha mchanga?"

"Ni mimi, Bwana Mkubwa. Nilikosea, na leo huenda nikawa nimekosea tena. Lakini nikikosea mimi, mtanicheka. Ukikosea wewe, na sisi sote tumenyamaza, nani atakushika mkono?"

"Ondoka! Nenda na watoto wako!"

Pimbi akashuka jiweni, akashika njia na wanawe, machozi yanamtoka. Hakuna aliyemuaga.

Mbogo akawasukuma ndama pembeni. "Nitawaonyesha!" Akaingia ziwani kwa kishindo. Ganda likapasuka, akazama. Magoti yakazama, tumbo likazama, kifua kikazama.

"Jamani! Mbona hamkuniambia?"

Wakatazamana. Kwale akasema, "Niliona." Digidigi akasema, "Nilinusa." Kobe akasema, "Nilihisi. Lakini wewe ulitukataza, Bwana Mkubwa."

Mbogo akainamisha kichwa. "Basi semeni. Kila mwenye neno aseme. Na yule mama mwiteni arudi."

Pimbi akarudi mbio. Hata hakupumua: "Mtupieni mawe akanyage!"

Wakatupa mawe. Yakazama yote, na Mbogo akazidi kudidimia.

"Mawe hapana," akasema Kobe kwa upole wake. "Tandikeni matawi mapana, kisha vuteni pembe."

Wakatandika, wakavuta, wakavuta. Mbogo akatoka, amejaa tope mpaka masikioni. Kisha Kwale akawaongoza kule walikokwenda ndege, wakakuta chemchemi mlimani. Ndama wakanywa kwanza.

Mbogo alipokwisha kunywa, akamtazama Pimbi. "Mama, umekosea mara mbili, umepatia mara moja."

"Ndivyo, Bwana Mkubwa," akajibu Pimbi, amejikunyata kungoja hukumu.

"Njoo ukae karibu nami. Barazani utaanza kusema wewe."

Tangu siku ile hakuna aliyefukuzwa kwa kusema analowaza. Walibishana, walichekana, na jioni walikunywa maji pamoja.

Wenzangu, uhuru wa kusema si wa anayepatia peke yake. Ukimfunga mdomo anayekosea, na anayejua atanyamaza.

Hadithi imenyanyuka kigodani, imeaga, imetoka. Asiyeipenda na aseme waziwazi, hatumfukuzi mtu hapa. Ila atasimulia yake, nasi tutamcheka.